Njia ya Kushuka kwa Warigia

Othaya,
29 Oktoba 2023

Kwa Nduta, mpwa wangu wa pekee,

Salamu zako nimezipokea na zangu zipokee, ni nyingi kuliko bahasha inavyoweza kubeba. Sisi hapa tuko wazima. Nyanya yako, Cucu, ni mzima isipokuwa goti, na hilo goti unalijua, lina kichwa chake. Ng'ombe amezaa ndama wa kike. Mimi mwenyewe afya ni ile ile, juzi nimeinua gunia la mbolea kwa mkono mmoja mpaka mwenye duka akanisalimia mara mbili. Natumai huko Vermont u mzima na baridi haijakutafuna.

Sasa sikiza. Barua yako nimeifungulia pale pale posta, na likaanguka jani jekundu kama nyama ya moyo. Nduta, watu walinizunguka! Nilizunguka nalo soko lote la Othaya. Wamae wa bucha akasema, "Griffins, hilo limepakwa rangi." Nikamwambia, "Lamba uone." Akalamba, kweli tena, mbele ya wateja, na rangi haikutoka. Tangu siku hiyo ananiita Mmarekani. Cucu amelinyang'anya jani na kulitia ndani ya Biblia yake, katika Zaburi, na hakuna mtu anaruhusiwa kulishika bila kunawa.

Umeandika ati wazee unaokaa kwao wana msitu, ni shamba la familia, na wamekata vijia vya kutembea humo, na kila Jumapili mnatembea tu mkitazama majani yakibadilika. Hapo nikacheka. Wewe unafikiri ni Wamarekani tu? Umesahau mitundu yetu ya kule bondeni? Mutundu ukizeeka jani linageuka rangi ya chungwa, la moto kabisa, na Februari kiangazi kikishika, mti mzima unawaka utafikiri umeibwa kutoka kwa jua. Na kijia tuko nacho! Nimekitengeneza mimi mwenyewe. Kinaanza nyuma ya jikoni ya Cucu, kinateremka kwa kona kona mpaka mtoni, mwendo wa nusu siku ukitembea polepole. Majani yanakufikia hapa, kwa kifundo cha mguu. Juzi ndovu alitoka Nyandarua akaja kukiangalia, akatikisa kichwa, akarudi.

Tangu tumzike mama yako, dada yangu Warigia, hujakanyaga hapa. Njoo ukione.

Ni mimi Anko wako,
Griffins


Vermont,
18 Novemba 2023

Mpendwa Anko Griffins,

Hujambo? Cucu hajambo? Goti lake mlipake yale mafuta niliyotuma, lakini kidogo tu, si kama wewe ulivyompaka mbwa. Mimi sijambo. Kazi ya kutunza wazee inachosha mgongo, lakini wananipenda, na wawili hivi wananiita binti yao kila wanaposahau majina ya binti zao.

Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Anko, ni kweli? Kuna kijia? Ninakujua. Wewe ndiye uliyeniambia nikiwa mdogo kwamba ulipokuwa ukibeba mchele kwa baiskeli kule Mwea, ulipanda mlima kwa kasi mpaka mchele ukaiva. Nilienda shule nikawaambia wenzangu, nikapigwa.

Lakini mitundu naikumbuka. Mama alikuwa akinipeleka pale chini tukaokote kuni, na yeye alikuwa akichagua majani ya rangi ya chungwa ananiwekea kwenye nywele. Huku nikitembea chini ya miti yao mizuri, ile ndiyo ninayoiona.

Hapa majani yameisha sasa. Miti imebaki mifupa. Nimepewa likizo Februari. Kama kijia kipo nitakuja nikitembee. Nitalala kwa hoteli Nyeri mjini, usihangaike na kitanda. Unakumbuka maneno ya Anko Muriithi siku ya mazishi, udongo haujakauka kwenye jembe: mtoto wa msichana hana shamba hapa, akija aje kama wageni wengine. Basi nitakuja kama mgeni. Wageni pia hutembea.

Niambie ukweli kabla sijakata tiketi.

Mpwa wako,
Nduta


Othaya,
16 Desemba 2023

Kwa mpwa wangu Nduta anayekuja nyumbani,

Pokea salamu za Krismasi mapema kabla hazijapanda bei. Hapa tuko wazima kupita kiasi. Mvua imekubali, majani chai yamejaa mpaka akina mama wanachuma wakiimba. Wewe uko salama? Mgongo je?

Kata tiketi! Kijia kipo. Kata hata leo!

Ila nimeamua kukiongeza kidogo, kwa sababu mtu wa Vermont hawezi kuletewa kijia cha kawaida. Nimeanza kukipanua kuanzia jikoni, pale ambapo kilikuwa hakijafika vizuri, mpaka mtoni, pale ambapo pia kilikuwa hakijafika vizuri. Niko na slasha, panga, jembe la meno na wilbaro ya Kanisa. Ile miiba ya lantana, Nduta! Imekomaa kama ukuta wa benki. Nilipoipiga panga mara ya kwanza, panga ndiyo iliomba msamaha. Nungunungu mmoja alikuwa amejenga katikati ya kona ya pili, tukazungumza kwa heshima, akahama na familia yake. Kila siku narudi nyumbani nimechanika, Cucu ananishonea shati huku akiuliza, "Hiyo njia ng'ombe atapita?" Namwambia mama yangu, "Hapana, Maitu, ni ya watu." "Wanaenda wapi?" "Hawaendi mahali. Wanatembea, halafu wanarudi." Alishona mpaka akamaliza shati. Kisha akasema, "Na hao watu wamekula?"

Muriithi naye, kaka yangu, unamjua. Amesimama juu kwa ua wake na kikombe, ananitazama nikitoa jasho, akasema, "Mtu mzima anachimba barabara ya kutoka kwake kurudi kwake." Nikamjibu, "Nduta anakuja." Akamwaga chai yote na kuingia ndani. Hiyo ndiyo salamu yake, nimekufikishia jinsi ilivyo.

Halafu serikali ikaja! Kweli. Kefa, yule askari wa kutoka Vihiga aliyepanga kwa Wamae, amesikia kuna njia mpya inaingia kichakani kwa Griffins. Akateremka nayo mpaka mwisho na rungu mkononi akitafuta mtambo wa pombe. Akapata miti. Akauliza, "Sasa huku mnapika nini?" Nikamwambia, "Afande, huku tunatazama majani." Akakaa juu ya jiwe, akavua kofia. Jumapili amerudi na bibi yake Benter, amevaa viatu vya kanisa, wametembea wameshikana mikono. Hapa Othaya! Mchana!

Na nimekipamba. Pale chini, kabla ya mitundu, nilipofyeka nikakuta maua yamejipanga msituni, mstari mmoja umenyooka kama watoto wa gwaride. Nikasema haya yanapotea bure, nani atayaona huku. Nimeyang'oa yote na kuyapanda pande mbili za kijia, tangu jikoni. Sasa ukitembea, maua huku, maua kule, wewe katikati kama bibi harusi. Kazi hiyo peke yake ingemuua mtu mwenye nguvu kidogo.

Anko wako anayekungoja,
Griffins


Vermont,
5 Januari 2024

Mpendwa Anko,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Cucu amekula Krismasi vizuri? Mimi sijambo, theluji imefika dirishani.

Tiketi nimekata! Nimemwambia kila mtu kazini. Yule mzee wangu wa hapa, aliyetengeneza vijia vyao, amefurahi kama yeye ndiye anayekuja. Ananiambia nikuambie: usishushe njia moja kwa moja mteremkoni, maji ya mvua yatafuata njia na kuila. Ikate kwa ubavu wa mlima, na kila baada ya hatua chache uweke gogo la kuyatupa maji pembeni. Na mizizi mikubwa usiikate, izunguke.

Anko, hayo maua ni yapi? Ni yale meupe yenye mstari wa waridi, ambayo Cucu alikuwa akitukataza kuyachuma?

Kwa haraka, nachelewa zamu.

Mpwa wako,
Nduta


Othaya,
27 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Nduta,

Salamu. Sisi ni wazima wa mwili. Natumai nawe.

Magogo nimeweka, mwambie huyo mzee asante, ingawa hiyo akili ya ubavu nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nangoja mtu wa kuikubali.

Maua ni yale yale. Nilipomsomea Cucu barua yako, nikafika kwa hilo swali, akaniambia rudia, maana yale ya jikoni alidhani nimeyanunua sokoni. Nikarudia. Akaniuliza, "Griffins, umeng'oa matoka?" Nduta, mimi si mjinga. Itoka naijua kama mtoto yeyote wa hapa, ni ua la mpaka, linapandwa kati ya shamba na shamba, na mtu akiling'oa la jirani hata mbwa wake hawamsalimii. Lakini mle ndani hakuna jirani! Kushoto ni sisi, kulia ni sisi. Nikamwambia, "Maitu, hapo ni katikati yetu, mpaka wa nani na nani?" Cucu akashika goti, akasimama bila fimbo, na hiyo sijaiona tangu mwaka wa corona. Akasema, "Mpaka wa Warigia."

Babu yako ndiye aliyeyapanda. Mama yako aliporudi nyumbani na wewe mgongoni, mzee alichukua jembe asubuhi akateremka peke yake, akapanda mstari kutoka mutundu mkubwa mpaka jiwe la mtoni. Akamwambia Cucu, chini ya hapa ni pa msichana wangu na mtoto wake. Muriithi alikuwa Kerugoya kwa kazi ya mbao, mimi nilikuwa Mwea na baiskeli. Mzee hakutuambia, alifikiri maua yatatuambia. Halafu akafa, lantana ikamea juu ya mstari, na maneno yakakaa huko chini na maua. Cucu naye alidhani mzee alituambia, na yale maneno ya Muriithi mazishini hayakumfikia.

Na mimi nimeyang'oa. Mimi, kwa mikono hii, nikiwa napiga mluzi.

Cucu alimwita Muriithi usiku huo huo. Akamweleza yote. Muriithi akasikiliza, akasema, "Mama umezeeka. Unachanganya." Cucu akamwambia, "Nimezeeka, na bado nakumbuka siku uliyonyonya ziwa la jirani kwa ulafi." Muriithi akaniangalia mimi. "Haya. Nionyeshe huo mpaka." Nikamwambia uko jikoni, uko kwa kijia, nitaurudisha kesho. Akacheka. Nduta, kaka yangu hajacheka miaka, na alichagua siku hiyo. "Maua yaliyopandwa na Griffins kesho yatakuwa ushahidi wa nini? Si utapanda hata mpaka Nyeri mjini?" Mimi! Nilitafuta jibu mpaka kwa mifuko.

Anasema mvua kubwa ikianza atalima pale chini kote apande miche ya chai. Na mitundu anaikata kuni.

Usikasirike. Njoo tu. Kijia kiko na mitundu bado imesimama, ingawa mwaka huu mvua imekataa kuondoka na majani ni ya kijani kibichi, kama mimi.

Ni Anko wako,
Griffins


Vermont,
14 Februari 2024

Anko,

Natumai mko salama. Tiketi nimeirudisha.

Sina hasira na wewe, hukujua. Nilikuwa nimeshajizoesha kwamba sina pangu hapo, na ningeendelea hivyo vizuri tu. Sasa najua babu alinipa pangu na pamepotea tena, na hiyo siwezi kuja kuitembelea kama mgeni.

Mwambie Cucu nampenda. Kijia tembeeni nyinyi.

Nduta


Othaya,
20 Machi 2024

Kwa Nduta,

Salamu kutoka kwetu. Cucu anauliza kama umeandika. Sisi tuko.

Mvua ilipumzika wiki chache, na mitundu ikawahi kuwaka kidogo upande wa juu. Ndani ya hii barua kuna jani. Nimelichagua katika mengi, kulikuwa na ushindani mkubwa. Si jekundu kama la kwenu lakini angalia lilivyo na mishipa. Kefa na Benter wanakuja kila Jumapili, na sasa wanafunzi wa kwaya nao, wanatembea wakifanya mazoezi ya sauti. Nimewaambia wote kijia ni cha mpwa wangu, yuko njiani.

Andika hata mstari mmoja.

Anko wako,
Griffins


Othaya,
25 Mei 2024

NDUTA! Mpwa wangu! Mtoto wa Warigia!

Salamu nitakusalimu mwishoni, leo siwezi. Kaa chini kwanza. Umekaa?

Mvua ya Aprili ilinyesha hapa mpaka vyura wakaomba iishe. Muriithi akafanya alivyosema. Akateremka na jembe lake, akalima pale chini kote mwenyewe, hakuita kibarua, kwa sababu hakutaka mtu amsaidie na maneno. Akapanda miche ya chai kwa mistari. Mitundu akasema ataikata jua likitoka, kuni zisiwe mbichi. Mimi nilikataa kwenda huko. Nilikuwa nakaa kwa jiwe moja huku juu, nageuza uso. Hata uongo nilipunguza, muulize mtu yeyote, Wamae wa bucha aliniuliza kama niko mgonjwa.

Sasa juzi asubuhi, natengeneza gogo la kona ya tatu, nasikia gambuti zinapanda. Ni Muriithi. Matope mpaka kiunoni. Hakunisalimia. Akasema, "Njoo."

Nikamfuata. Tumeshuka, yeye mbele, na Nduta, nikaona anatumia kijia changu, anafuata kila kona, hakati mkato! Tukafika. Akanyoosha mkono.

Yametoka! Matoka! Kati ya miche yake ya chai, ndani ya udongo aliolima yeye mwenyewe kwa jembe lake mwenyewe, mstari mmoja, kutoka mutundu mkubwa mpaka jiwe la mtoni. Mimi nilikuwa nimeng'oa vichwa, lakini vitunguu vyake vya chini kabisa vilibaki, na wewe unajua itoka, ndiyo maana wazee waliichagua, unaweza kuing'oa ukachoka wewe. Na jembe la Muriithi lilipogeuza udongo ndiyo likaviamsha! Yeye ndiye aliyeyalimia! Majani marefu ya kijani, na moja tayari limetoa ua, jeupe na mstari wa waridi, limeinama kidogo kama linauliza hawa ni akina nani.

Nilitaka kupiga kelele. Nilijishika. Hii si hadithi yangu, nilikuwa naona kwa macho, na nilikuwa na shahidi ambaye hanipendi.

Muriithi akatembea kando ya huo mstari, mguu mbele ya mguu, mpaka mtoni. Akarudi. Akaniambia, "Mzee alikuwa na mkono ulionyooka." Ndiyo hayo tu. Kisha akapiga magoti na kuanza kung'oa miche ya chai. Yake! Upande wa chini wa mstari, mmoja mmoja, na udongo wake, anaweka ndani ya wilbaro. Nikainama nimsaidie. Akasema, "Wewe usiguse kitu chochote kinachomea." Basi nikasukuma wilbaro. Tumevusha yote upande wa juu mpaka giza.

Leo asubuhi amekuja jikoni, Cucu anapika uji. Hakusema samahani, Muriithi hana hiyo kitu, alizaliwa bila. Amekunywa uji wamesimama wote wawili, akauliza, "Mama, ulisema ni kutoka mutundu gani?" Cucu akamwambia. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akanigeukia, "Slasha yako iko wapi? Hiyo njia yako pale chini ni nyembamba, mtu na mwenzake hawawezi kupita."

Ati nyembamba! Kijia changu!

Sasa salamu. Hujambo? Sisi hatujambo kabisa, kabisa, kabisa.

Anko wako,
Griffins


Vermont,
30 Juni 2024

Anko wangu,

Barua yako nimeisoma ndani ya basi la kazini mpaka nikapita kituo changu, na cha pili.

Majani yanaanguka lini?

Nduta


Othaya,
1 Desemba 2024

Kwa mpwa wangu Nduta,

Salamu tele, za nyumba yote, na za nyumba ya juu pia, kwa sababu Muriithi amesema, "Msalimie," mbele ya watu, na Benter ni shahidi.

Februari. Nilikuandikia Julai Februari, na Septemba Februari, na leo tena nasema Februari, mwaka huu mvua imeondoka kwa adabu na mitundu imeanza kupauka. Ikiwaka mapema nitaiambia ingoje.

Habari ya kijia: sasa Muriithi anajifanya ni chake. Ametengeneza benchi la mbao za mti wa mubariti, amelipiga randa mpaka nzi anateleza, akaliweka chini ya mutundu mkubwa, upande wa chini wa mstari. Nikamwuliza, "Kwa nini hujaliweka upande wako?" Akasema, "Mwenye shamba atakaa wapi?" Kisha akanifukuza kwa sababu nilikuwa naangalia.

Matoka ya kwenye kijia yako pale pale. Cucu amesema yaachwe, yasing'olewe tena na mtu yeyote anayeitwa Griffins. Kwa hivyo sasa mpaka wako unaanzia mlango wa jikoni. Nafikiri kwa sheria wewe ndiwe mwenye Othaya yote.

Kitanda kipo. Ukitaja hoteli mimi nitalala huko Nyeri mjini na wewe ulale kwangu.

Anko wako,
Griffins


Kwa Warigia, Othaya,
16 Februari 2025

Mpendwa Anko Griffins,

Hujambo? Mimi sijambo. Naona nyumba yako kutoka hapa, moshi unatoka, kwa hivyo nadhani chai iko jikoni na wewe bado unamweleza Cucu jinsi ulivyobeba sanduku langu kwa kidole.

Hii barua haina stempu. Nitamtuma Benter aipandishe, ameketi hapa kando yangu, amevua viatu.

Nimeamka kabla yenu nikashuka peke yangu. Ulisema ni mwendo wa nusu siku. Anko, nimefika kabla sijamaliza ndizi. Ulisema majani yanafika kifundoni. Yanafika kwenye soli. Ndovu sijamwona, lakini kuna kinyesi cha mbuzi wa Wamae, na kama ndiye uliyemwona basi nakuelewa. Kona ya pili nungunungu bado yuko. Hajahama popote. Amenikohoa.

Halafu nimetoka kwa kona ya mwisho na jua likapanda juu ya Kirinyaga, likagonga mitundu. Anko, kule Vermont nimesimama chini ya vilima vizima vilivyogeuka rangi, watu wanatoka mbali na kamera. Wewe hukunidanganya. Ulisema inawaka. Ulisema kidogo.

Nimekaa kwenye benchi. Nimeshika mbao, hazina hata mwiba. Anko Muriithi amepita na panga, akajifanya anatafuta ng'ombe, na ng'ombe wamefungwa, nimewaona. Akasimama upande wa juu wa matoka. Akaniuliza, "Naweza kupita?" Sijawahi kuulizwa hilo swali na mtu. Nikasema, "Karibu." Akaruka ule mstari kama mtoto anayeogopa kukanyaga mche. Akaokota jani moja la rangi ya chungwa, akaligeuza geuza, akaniwekea kwenye nywele, akaenda zake. Sijui nani alimwambia. Labda aliwahi kumwona mama.

Sijalitoa.

Leta chai huku chini. Mlete na Cucu polepole, apumzike kila kona, magogo yako yanatosha kukalia. Na ukifika kwenye matoka, bisha hodi.

Mpwa wako,
mwenye shamba,
Nduta